Stelingi hafi, lakini moyo wake je?

Katika vibanda vya video vya mitaani na vituo vya biashara, kulikuwa na kanuni moja ambayo kila mtazamaji aliijua hata kabla ya kulipa kiingilio: stelingi hafi. Risasi zingemiminika kama mvua ya masika, gari lingebingirika bondeni na kuwaka moto, jengo lingeporomoka, naye angechomoka kwenye vumbi akijipangusa koti. Aliyekufa ni rafiki yake, aghalabu yule mcheshi, au mpenzi wake. Sisi tulishangilia, tukatoka nje tukirushiana mateke hewani.

Nimeirejelea kanuni hii kwa sababu ya mjadala mmoja wa kitaaluma niliohudhuria majuzi. Mwanafunzi wa uzamili alileta pendekezo la kuandika tasnifu kuhusu hisia za shujaa katika riwaya na filamu za kijasusi. Wenzangu joponi wakatabasamu, yale matabasamu ya watu wazima wanapomsikiza mtoto. Shujaa wa kijasusi, walisema, ni mhusika bapa. Anapiga, anabusu, anaondoka. “Sasa kurasa mia moja utazijaza na nini?” mmoja akamuuliza. Binti wa watu akainamisha kichwa. Pendekezo likarudishwa “likaboreshwe,” na sisi walimu tunajua maana ya neno hilo.

Hebu tuanze na hilo neno bapa, maana linatupwatupwa ovyo. Aliyeeneza tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara ni Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927. Kipimo chake kilikuwa chepesi: je, mhusika anaweza kutushangaza, na akitushangaza, tunasadiki? Forster hakusema kwamba mhusika duara sharti alie, wala hakusema anayebeba bastola ni bapa. Hayo tumeyaongeza wenyewe.

Nami naongeza langu. Kwa kuwa stelingi hafi, na msomaji anajua hafi, hatari inayohusu mwili wake ni mchezo tu. Ukitaka kujua kina cha hisia zake, usihesabu risasi zilizomkosa. Uliza ni kitu gani anachoweza kupoteza, kisha uangalie kama mwandishi ana ujasiri wa kutokirudisha.

Chukua James Bond, maana ndiye aliyetolewa mfano siku hiyo. Ian Fleming, ambaye alifanya kazi katika ujasusi wa jeshi la wanamaji la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alimleta Bond ulimwenguni mwaka 1953 katika Casino Royale. Anayemjua Bond wa sinema peke yake atashangaa akikisoma kitabu hicho. Bond anateswa vibaya, analazwa hospitalini, na hapo kitandani anaanza kuihoji kazi yake. Nani mwema, nani mwovu, na nani aliyewagawa? Anafikiria kujiuzulu. Anaazimia pia kumwoa Vesper Lynd, mwenzake wa kazi. Kisha Vesper anameza vidonge vya usingizi na kufa, akiacha barua ya kukiri kwamba alikuwa akiwafanyia kazi Warusi, ambao walikuwa wamemshika mpenzi wake wa zamani. Bond anapiga simu London kutoa ripoti, na maneno yake ya mwisho kitabuni yanamtaja marehemu kwa tusi, lile la kumfananisha mwanamke na mbwa.

Wengi hulisoma tusi hilo na kusema, unaona, huyu hana moyo. Mie nalisoma kinyume. Muda mfupi kabla ya simu hiyo Fleming ametupa sentensi moja fupi inayopitwa upesi na wasomaji wenye haraka: macho ya Bond yalilowa, akayafuta. Hakuna maelezo zaidi. Tusi linakuja kama kifuniko kinachobamizwa juu ya chungu kinachochemka, na anayebamiza kifuniko anajua kilichomo chunguni. Mtu asiyehisi kitu angetoa ripoti kwa lugha safi ya ofisi.

Filamu ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Martin Campbell ilielewa jambo hili vizuri. Bond wa Daniel Craig amepigana na kuua watu kwenye ngazi za hoteli mbele ya Vesper. Baadaye anamkuta Vesper ameketi chini ya bomba la bafuni na nguo zake zote, anatetemeka. Bond haanzi kumhutubia. Anaketi kando yake majini na shati lake lile lile, anazungusha mkono begani, basi. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi sehemu hiyo na kuwataka waisimulie kwa Kiswahili. Karibu wote walimwongezea Bond maneno ya faraja ambayo hayamo. Kimya kiliwatisha!

Sitetei kila kitu, la hasha. Mfano mbaya upo tena ni mkubwa. Mwaka 1963 Fleming alichapisha On Her Majesty’s Secret Service, ambamo Bond anamwoa Tracy, naye Tracy anapigwa risasi garini siku ile ile ya harusi. Katika riwaya iliyofuata, You Only Live Twice ya mwaka 1964, Bond ni gofu la mtu. Anakunywa, anacheza kamari, anaharibu kazi moja baada ya nyingine, mpaka mkuu wake anamtuma Japani kwa kazi ngumu kupindukia ili imzindue. Huko ndiko ninakoita kutokirudisha kilichopotea. Lakini katika sinema, baada ya kifo cha Tracy mwaka 1969, filamu iliyofuata mwaka 1971 inafungua kwa Bond akimsaka adui yake kwa ngumi, na baada ya dakika chache matanga yamekwisha. Mke amekuwa kisingizio cha kupigana. Jopo lingeniambia kwamba Bond huyo ni bapa, ningetia sahihi.

Mwaka huo huo wa 1963, sisi tukijiandaa kupandisha bendera yetu, Mwingereza mwingine aliyejua kazi ya ujasusi kwa kuifanya alichapisha The Spy Who Came in from the Cold. Jina lake la nyumbani ni David Cornwell, ila wasomaji wanamjua kama John le Carré. Shujaa wake, Alec Leamas, ni mzee wa kazi aliyechoka, mlevi kiasi, mkavu wa maneno. Anampenda msichana wa maktaba aitwaye Liz Gold, lakini usitarajie kumsikia akilisema pendo hilo kwa mapana. Le Carré anampa kumbukumbu ndogondogo badala yake. Leamas anafikiria jinsi Liz alivyomfunza kujali vitu vidogo, kama kumega mkate, kuutia katika mfuko wa karatasi na kwenda ufuoni kuwarushia ndege. Anakumbuka pia siku aliponusurika kuligonga gari dogo lenye watoto barabarani Ujerumani, na mikono yake ikamtetemeka.

Mwishoni, kwenye ukuta wa Berlin, Liz anapigwa risasi wakipanda. Leamas yuko juu ya ukuta, wenzake upande wa magharibi wanamwita aruke. Anachohitaji ni hatua moja tu. Anashuka upande wa mashariki, kwa Liz, na kuuawa. Hapo kanuni ya vibanda vya video inavunjika: stelingi amekufa, tena kwa hiari yake, na picha ya mwisho akilini mwake ni ya wale watoto garini. Turudi kwa Forster: ametushangaza? Ndiyo. Tumesadiki? Kabisa, maana mkate wa ndege ulikuwa umetutayarisha.

Msomaji ataniambia kwamba le Carré ni fasihi nzito, si ya mapigano. Haya, twende kwa Jason Bourne, ambaye hakuna mtu anayeweza kumwita mzito. Robert Ludlum alimbuni katika riwaya ya mwaka 1980, na filamu zikaachana nayo mno. Katika The Bourne Supremacy ya mwaka 2004, mpenzi wake Marie anauawa Goa mapema kabisa, na tunajiandaa kwa kisasi cha kawaida. Mapigano na mbio za magari zipo tele. Ila safari inaishia Moscow, chumbani kwa msichana yatima. Bourne aliwaua wazazi wake zamani kwa amri ya wakubwa, na mauaji yakapangwa yaonekane kana kwamba mama ndiye aliyemuua baba kisha akajiua. Jeruhi kamwendea binti huyo kumwambia ukweli na kumwomba radhi, kisha anatoka akichechemea kwenye theluji. Sijui filamu nyingi za ngumi zinazoweka kilele chake katika kuomba radhi.

Sasa Kiswahili. Watanzania Elvis Musiba na Ben Mtobwa ndio waliotufunza wengi wetu kusoma usiku kwa mwanga wa koroboi, Musiba kwa Willy Gamba wake, Mtobwa kwa Joram Kiango. Wahakiki waliwapita haraka kwa jina la riwaya pendwa. Willy Gamba wa Kufa na Kupona, iliyotoka mwaka 1974, ana hisia ambayo Bond hana kabisa, nayo Kiswahili kina neno lake: uchungu. Neno hilo moja linabeba ladha ya shubiri, maumivu ya kujifungua na majonzi ya msiba. Willy ana uchungu na Afrika. Anapigania bara ambalo kusini yake bado imo mikononi mwa makaburu na Wareno, na hasira yake haichezi. Wanaosema hana hisia hawakumsoma, au walisoma kurasa za warembo tu.

Walakini ipo kasoro, tena ni ya lugha. Fungua riwaya pendwa nyingi za Kiswahili ufike mahali pa hofu au huzuni: kijasho chembamba kitamtoka mtu, moyo utamdunda, nywele zitamsimama, damu itamwenda mbio. Semi hizi zinaeleza mwili. Zinafaa jasusi, mwizi wa kuku na mtahiniwa wa KCSE kwa kiwango kile kile, kwa hiyo hazituambii lolote kuhusu mtu huyu mmoja. Na lugha yetu haina uhaba. Ina kumeza machungu, ina kujikaza kisabuni, ina ile methali ya kwamba kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Hazina nzima ya kueleza mtu anayehisi na asiyetaka kuonekana anahisi! Kazi ya jasusi ni hiyo hasa, kuficha. Mwandishi wa Kiswahili ana vifaa ambavyo Fleming angevitamani.

Isitoshe, kisa chetu cha kijasusi ni cha kale kuliko Bond. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, mtawala anamnasa mwana wa shujaa kwa ahadi ya kuozwa binti yake, anamtuma kwa babake akapeleleze siri ya kinachoweza kumuua, kisha anamrudisha na sindano ya shaba. Kuna chambo, kuna mpelelezi, kuna siri. Silaha nyingine zote zilishindwa. Iliyoweza ni ile iliyoshikwa na mkono wa mtoto wake, na ikapita kitovuni. Liyongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde ameuvuta, watu wanaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai, mpaka mamake anakwenda kumbembeleza. Sijapata kumsikia mtu akimwita Liyongo bapa kwa sababu alikuwa hodari wa mishale.

Nimalizie na le Carré huyo huyo, kwa kuwa aliwahi kuja kwetu. The Constant Gardener, riwaya ya mwaka 2001, inamhusu Justin Quayle, mwanadiplomasia mpole jijini Nairobi anayependa bustani yake. Mkewe Tessa anauawa karibu na Ziwa Turkana kwa kuchunguza kampuni ya dawa. Justin si jasusi, ila msiba unamfanya aishi kijasusi, kwa pasipoti bandia, akifuatwa kila aendako. Filamu yake ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera na Loiyangalani, na wapo Wakenya wengi waliojitazama humo. Mwishoni Justin anarudi ziwani, mahali alipofia Tessa, naye anajua wauaji wako njiani. Ana bastola. Anazitoa risasi zote, anaziacha zianguke, anakaa kungoja.