Spika za disko matanga zaweza kusimulia vita vya Chetambe

Ikifika Jumamosi, barabara ya Kitale kwenda Bungoma haikosi pikapu iliyobeba spika ndefu kama kabati, jenereta, na vijana wawili watatu waliokalia nyaya. Wanaenda harusini, kwenye krusedi au kwenye mkutano wa mwanasiasa. Msimu wa maonyesho ya kilimo ukifika, wanaenda uwanja wa ASK Kitale.

Wengine wanaelekea disko matanga, na hapo ndipo balaa huanzia. Serikali imezipiga marufuku mara kadhaa kwa sababu watoto wa shule hupotelea huko usiku na wasichana wengine huishia kupata mimba. Hilo halina ubishi. Ila marufuku peke yake humwacha fundi wa sauti na ujuzi mkononi, bila pa kuupeleka.

Je, vyombo hivyo vinaweza kufanya nini kingine?

Mizuka ya kioo

Kule Disneyland, California, kuna nyumba ya mizuka iliyofunguliwa 1969. Wageni hupita wakiona watu wanaopenya nuru wakicheza dansi ukumbini. Siri yake ni kioo kikubwa kisafi. Sanamu zimefichwa mahali wageni hawaoni, zinamulikwa kwa taa, na taswira yake inaonekana kwenye kioo kana kwamba iko ukumbini. Taa ikizimwa, mzuka unatoweka. Ujanja huo ulionyeshwa London tangu 1862, kabla ya balbu kufika majumbani.

Karibu na nyumbani, Fort Jesus kule Mombasa imewahi kuwa na maonyesho ya usiku ya sauti na mwanga: kuta zinamulikwa, spika zinasimulia historia. Mtindo huo ulianzia kwenye kasri la Chambord, Ufaransa, mwaka 1952.

Sasa fikiria Chetambe, kilima kilicho karibu na Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya ngome iliyokuwa hapo dhidi ya kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Charles Hobley. Wengi waliuawa. Ni hadithi nzito, na iko kwetu. Usiku, mwanga mwekundu ukipanda taratibu, litungu likisikika kutoka upande mmoja na sauti ya mzee ikijibu kutoka upande mwingine, nani atashika simu kuangalia TikTok?

Kazi iko wapi?

Usidhani ni kununua spika kubwa zaidi. Kazi ni kupanga muda. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiweka spika ya pili mita 34 nyuma ya ile ya mbele, sauti ya mbele itafika hapo ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na maneno yatagongana. Fundi anayejua huichelewesha spika ya nyuma kwa muda uleule kwenye mikisa, na msimulizi anasikika vizuri.

Taa nazo zina lugha yake, DMX. Laini moja hubeba chaneli 512. Kila taa hupewa anwani yake, kisha programu huziwasha na kuzizima kwa mpangilio uliorekodiwa. Deejay husoma umati na kubadilisha mambo papo hapo. Kivutio hurudia onyesho lilelile mara kumi kwa siku bila kukosea.

Halafu kuna umeme. Soketi ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba takriban wati 3,000 tu. Ukirundika amplifaya, projekta na taa zote kwenye ekstensheni moja, unatafuta moto. Na mvua ya Trans Nzoia haibishi hodi: waya wa ardhini na swichi inayokata umeme ukivuja si mapambo. Kuhusu kelele, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani usiozidi desibeli 100 katika kumbi za burudani. Masikio yakiharibika, hayana spea.

Anza kidogo

Chetambe si uwanja wa kuchezea. Ni eneo la kumbukumbu ambako damu ilimwagika, kwa hivyo bila wazee, kaunti na Makumbusho ya Taifa, hata kigingi kimoja usipigilie. Lakini onyesho la dakika kumi linaweza kujaribiwa kwanza kwenye ukumbi wa shule, kibandani ASK, au kupendekezwa kwa Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974. Unahitaji kioo, taa mbili, spika nne na hadithi iliyoandikwa vizuri.

Kozi za umeme zipo Kitale National Polytechnic na Sang'alo. Fundi wa disko matanga akiongeza cheti juu ya ujuzi wake, ataweza kumwandikia mteja bei ya kazi ya miezi, wala si ya usiku mmoja. Na chifu akija, atakuja kama mtazamaji.