Barua Zaingia, Hazitoki

Mtumiaji wa programu ya barua pepe, kama vile Thunderbird, aonapo barua zikimfikia ilhali zake haziondoki, hudhani programu imeharibika. Sivyo. Kupokea na kutuma ni kazi mbili zenye kanuni mbalimbali: kupokea hufuata POP3 au IMAP, kutuma hufuata SMTP. Basi na achunguze kwanza namba ya lango la SMTP katika mipangilio. Lango 25 hufungwa na kampuni nyingi za intaneti ili kuzuia barua taka. 587 ndilo lililotengwa kwa watumiaji. Wengi, kwa pupa, huifuta akaunti ili waanze upya. Hatari! Aliyetumia POP3 huenda barua zake za zamani zimo katika kompyuta hiyo tu, wala seva haina nakala.