Mkinuniana, nani asogee kwanza?

Siku 4 mimi na mume wangu tuliongea maneno mawili tu: chakula tayari. Kisa? Anataka mama yake ahamie kwetu moja kwa moja, mimi nikagoma. Shoga yangu akanicheka, "Hiyo ndiyo stalemate."

Nikalichimba neno. Limetoka kwenye sataranji. "Mate" ina asili ya Kiajemi, shah mat, shaha amekwisha. "Stale" ilitoka Kifaransa cha kale, yaani kukwama palepale. Ni zamu yako, shaha wako hajashambuliwa, ila huna kete ya kusogeza bila kumtia hatarini. Hapo mchezo umekwisha, na siku hizi ni sare.

Lakini sikia hii, mpenzi msomaji. Uingereza, karne ya 17 na 18, aliyembana mwenzake namna hiyo ndiye aliyehesabiwa ameshindwa! Nikajiona mwenyewe, maana aliyebanwa nyumbani kwetu ni nani kama si yeye, kati ya mke na mama?

Jioni nikamwambia, "Baba watoto, mama aje, ila miezi 3 kwanza."

Akazima TV.