Chungu Hakifinyangwi Mara Mbili

Wajukuu, sogeeni. Ukitoka Kyela mjini ukapita Ipinda, unatokea Matema, pale Milima ya Livingstone inapochovya miguu katika Ziwa Nyasa. Panda mtumbwi ufuate ufuko, utafika Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi. Mama anakanda udongo, anaupandisha kwa viganja. Mdomo wa chungu ukienda upande, anaubonyeza, unarudi. Lakini akishakichoma, basi. Ukitaka kikubwa zaidi, atafinyanga kingine.

Sasa twende kwenye kompyuta. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa lugha ya programu iitwayo Java. Humo maneno hutunzwa katika stringi, yaani herufi zilizopangwa foleni. Na stringi ni chungu kilichochomwa: haibadiliki.

Mnabisha? Haya, andikeni:

String mahali = "Matema";
mahali = mahali + " ufukweni";

Mtadhani "Matema" imerefushwa. Wapi! Java imefinyanga stringi mpya, ikanakili herufi sita za mwanzo, ikaongeza zilizobaki, kisha ikabandua kibandiko cha "mahali" na kukibandika kwenye chungu kipya. Kile cha kwanza kiko palepale, kizima.

Mbona usumbufu wote huo? Kwa sababu kisichobadilika huazimwa bila hofu. Ukiandika "Matema" mara mia katika programu yako, Java huweka chungu kimoja tu ghalani, na mahali pote mia hukitumia hichohicho. Kingekuwa udongo mbichi, mmoja angekibonyeza na wote wangekula hasara.

Ila mtego upo. Kijana anatunga orodha ya magunia ya mchele, anaunga herufi mojamoja ndani ya mzunguko, yaani amri inayojirudia, mpaka zifike 1,000. Kila herufi inadai chungu kipya: cha herufi 1, cha 2, cha 3, hadi cha 1,000. Jumlisheni: zimeandikwa herufi 500,500 ili zipatikane 1,000! Vyungu 999 vimeachwa vinajaza kumbukumbu, vikimsubiri mzoa taka wa Java aje kuvifagia. Naye akizidiwa kazi, programu nzima inakokota miguu.

Dawa yake ni StringBuilder, iliyokuja na Java 5, mwaka 2004. Huo ndio udongo wenyewe. Unaongeza, unafuta, unarekebisha palepale. Nafasi ikijaa, inajipanua yenyewe. Ukiridhika unaita toString(), na hapo ndipo unapowasha moto.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Basi siku mkikuta alama ya kujumlisha inaunga stringi ndani ya mzunguko wa mara elfu, mkumbukeni yule mama wa Ikombe. Je, angekichoma chungu kila anapoongeza tonge moja la udongo?