Vitabu vinavyomuua msomaji: kipi kigumu, kipi dhalimu

Kwa wauza vitabu vya mitumba mjini Machakos, katikati ya riwaya za mapenzi na marudio ya KCSE, mara mojamoja huibuka kitabu cha ajabu. Jaladani kuna joka au mifupa yenye upanga, na ndani hamna sura, bali mafungu mafupi yenye nambari, mara nyingi 400. Msomaji ndiye shujaa. Akichagua mlango wa kushoto anatumwa kwenye nambari moja, wa kulia nyingine. Anarusha dadu, anapigana na mazimwi, na mara nyingi anakufa na kuanza upya.

Wapenzi wa vitabu hivi hushindana kutaja kilicho kigumu kuliko vyote. Mimi nina swali la pili ambalo naliona zito zaidi: je, ugumu huo ni wa haki? Kipimo changu ni cha Ukambani. Mtu akikuambia “Kwata ndai” nawe ukaitika “Nakwata”, mmekubaliana. Kitendawili kinaweza kukutoa jasho, lakini jibu lazima liwe kitu mnachokijua nyote, na ukishindwa utaambiwa. Pwani anayetega hudai mji kwanza, kisha hutoa jibu. Unalipa, unajifunza. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeishi na Wakamba mwanzoni mwa karne iliyopita, alichapisha mkusanyo wa vitendawili vyao mwaka 1934, na mtu akivisoma leo bado anaona kwamba kila jibu lilikuwa mbele ya macho: shambani, jikoni, mwilini.

Kikongwe na kilichoenea

Miongoni mwa vya kwanza kabisa ni *Consider the Consequences!* cha Doris Webster na Mary Alden Hopkins, kilichotoka Marekani mwaka 1930. Hakina joka wala dadu. Ni maamuzi ya ndoa na kazi, na miisho yake imepita 40. Kwa kuenea, hakuna aliyeufikia mfululizo wa *Choose Your Own Adventure*, ulioanza mwaka 1979 kwa *The Cave of Time* cha Edward Packard na kuuza nakala zaidi ya milioni 250.

Mwisho usiofikika kabisa

Packard huyohuyo anashikilia rekodi hii. Katika *Inside UFO 54-40* cha mwaka 1982, msomaji anatafuta sayari ya Ultima, mahali pa raha tupu. Ukurasa wa kufika Ultima upo, umechapishwa kama kurasa nyingine, ila hakuna uamuzi wowote kitabuni unaokupeleka huko. Anayefika ni yule aliyeacha kufuata maagizo na kupekua kurasa kwa hiari yake.

Wapo wanaokiita kitabu hiki cha hila. Sikubaliani nao. Kitabu kinatangaza mapema kwamba Ultima haifikiwi kwa kuchagua wala kwa kutii maelekezo. Hicho ni kitendawili halisi, jibu limewekwa wazi mbele yako, na mtoto anayeligundua halisahau maishani. Kwangu ndicho kitabu kisichowezekana kilicho cha haki kuliko vyote.

Kilicho dhalimu kuliko vyote

Nafasi hii naipa *Crypt of the Sorcerer* cha Ian Livingstone, kilichotoka mwaka 1987 katika mfululizo wa Fighting Fantasy. Njiani lazima uokote vifaa kadhaa, na ukikosa kimoja tu unaweza kufia mbele sana bila kujua ulikosea wapi. Ukivikamilisha vyote unakutana na mchawi Razaak, mwenye ustadi wa 12 na nguvu 20. Kisha unaambiwa sharti: akishinda raundi mbili mfululizo, umekufa, hata kama nguvu zako zimejaa.

Tufanye hesabu. Tuseme mko sawa kwa ustadi, tuziweke kando sare, na usitumie alama zako za bahati. Ili umpige pigo moja ukiwa hai, ama ushinde raundi ya kwanza, ama upoteze moja na ushinde inayofuata. Nusu na robo ni robo tatu. Kila pigo humpunguzia nguvu 2, kwa hiyo unahitaji mapigo 10. Robo tatu ikizidishwa yenyewe mara kumi hubaki takriban 5.6 kwa 100. Wasomaji 18 wakifika kwake wakiwa wamefanya kila kitu sawasawa, mmoja tu ndiye atakayetoka. Hao wengine 17 hawakukosea popote.

Nilikisoma kwa sauti na mpwa wangu wa darasa la saba, yeye akirusha dadu, mimi nikiandika. Tulipouawa na Razaak alinyamaza kidogo, akauliza, “Sasa mjomba, tulipaswa kufanya nini?” Nilirudi nyuma fungu kwa fungu nikitafuta jibu la kumpa. Halikuwepo. Kitabu chochote kisicho na jibu kwa swali hilo nakiita dhalimu, hata kiwe na michoro mizuri namna gani.

Pengo kubwa kabla ya hatua ya kwanza

*The Warlock of Firetop Mountain* cha Steve Jackson na Livingstone, kilichotoka mwaka 1982 na kuanzisha Fighting Fantasy, kina ahadi mwanzoni: ipo njia moja ya kweli, na msomaji yeyote, hata aliyeanza na dadu mbovu, ataweza kuipita bila taabu nyingi. Ahadi hiyo ilirudiwa katika vitabu vingi vilivyofuata. Lakini ustadi wako huamuliwa kwa dadu moja: unachukua 6 na kuongeza ulichorusha, upate 7 hadi 12. Mwenye 7 akikutana na adui wa 12, kila raundi ana nafasi 70 katika 1,296 za kumpiga, kama 5 kwa 100. Mwenye 12 akikutana na adui huyohuyo ana zaidi ya 44 kwa 100. Tofauti yote hiyo imetokana na kurusha dadu mara moja, kabla hujasoma fungu la kwanza.

Nakala yangu ilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Karatasi ya alama imefutwa kwa raba hadi inaanza kutoboka, na chini ya kila tabaka la penseli, kwenye kisanduku cha ustadi, inaonekana nambari ileile: 12. Simlaumu hata kidogo.

Kigumu lakini cha haki

Hapa taji ni la *Sorcery!* cha Steve Jackson, vitabu vinne vya kati ya 1983 na 1985. Cha mwisho, *The Crown of Kings*, kina mafungu 800, mara mbili ya kawaida. Anayechagua kuwa mchawi hukariri miujiza 48, kila mmoja ukiwa na herufi tatu, kisha anafunga orodha. Katikati ya hatari anaonyeshwa herufi kadhaa, nyingine za uongo, achague kwa kumbukumbu. Ukikosea unaumia, nawe unajua hasa kwa nini. Na katika kila kitabu unaweza kumwita mungu wa kike Libra mara moja akuokoe. Ni mtihani mkali uliofundishwa vizuri kabla ya kutahiniwa.

Wazee wa bao wataniambia kwamba haki hiyo wanayo siku zote: kila mmoja ana kete 32, hakuna dadu, hakuna kilichofichwa. Ni kweli, na ndiyo maana hakuna anayeinuka barazani akisema ameonewa.

Chenye huruma, na kilicho karibu

*Fabled Lands* cha Dave Morris na Jamie Thomson (1995) kimeitatua shida ya kifo kwa njia ninayoipenda: unalipia ufufuo hekaluni mapema, ukifa unarudi pale. Kifo kinakuwa na bei unayoijua. Na kwa asiye na dadu, Lone Wolf wa Joe Dever, aliyeanza mwaka 1984, anatumia jedwali la tarakimu 0 hadi 9. Unafumba macho, unagusa kwa penseli. Dever aliruhusu vitabu vyake vitolewe bure mtandaoni, hivyo vinasomeka kwenye simu hata ndani ya matatu ya kwenda Nairobi.

Natamani kitabu cha namna hii kiandikwe na mtu wa Machakos, na mandhari tunayo. Pale Kituluni, macho yanakuambia maji yanapanda mlima na gari lililotolewa gia linajivuta juu. Shujaa afike hapo akiwindwa na zimwi, aamue akimbilie upande upi. Lakini mafungu kadhaa nyuma awe amekutana na mchunga mbuzi aliyemwambia kwamba barabara ile huwadanganya wageni. Akipuuza neno hilo akaliwa, mpwa wangu akiuliza tulipaswa kufanya nini, nitarudi nyuma na kumwekea kidole kwenye mstari wenyewe.