Aliyekata Stempu Alikata Tarehe

Bahasha nyingi katika sanduku la yule mzee wa Kanduyi hazina pembe ya juu upande wa kulia. Zimekatwa kwa mkasi, chache kwa wembe, na palipokuwa na stempu pamebaki tundu la mraba. Nilimuuliza ni mtoto gani aliyezichezea.

"Mtoto? Ni kanisa lenyewe, mwanangu. Tena kwa nia njema."

Miaka nenda miaka rudi, misheni za Ulaya na za hapa kwetu zilikusanya stempu zilizotumika. Masista, watoto wa shule za Jumapili na akina mama wa parokia walizikata kwenye bahasha, zikauzwa kwa uzani kwa wapenzi wa stempu, na fedha zikarudi kununua dawa au kusomesha mseminari. Bahasha yenyewe ilitupwa, au ikawashia moto. Lakini muhuri wa posta hugongwa nusu juu ya stempu, nusu juu ya karatasi, ili stempu isitumike mara ya pili. Mkasi ukishapita, jina la mji hubaki huku na mwaka ukaenda kule. Mzee alinionyesha bahasha iliyobaki na "KAKAM" na tarehe 14. Mwezi haupo, mwaka haupo. Nyingine imebaki na herufi tatu tu, "ALE". Anaamini ni Kitale, ila hathubutu kuiandika hivyo katika daftari lake. Ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi.

Daftari hilo ndilo lililonifanya nirudi kwake tena na tena. Kwa nje ni daftari la shule kama jingine lolote. Ndani, kila ukurasa ni kasisi mmoja, na chini ya jina lake mihuri imepangwa kwa tarehe, ionyeshe alikopita na lini: Mumias, Kisumu, Kakamega, Kisumu tena, Kitale. Hakuna maneno mengine. Anazitafuta bahasha za makasisi hao katika masanduku ya marehemu, katika vitabu vikuukuu vinavyouzwa Kitale, na kwa wajukuu wa makatekista. Ameniomba nisimtaje jina, maana hataki wanunuzi wabishe hodi usiku.

Alikuwa karani wa posta. Alianza kazi shirika lilipokuwa bado la Afrika Mashariki nzima, kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na mkono wake unakumbuka uzito wa muhuri. Kila asubuhi, anasema, karani alibadilisha tarehe, akaugonga kwanza kwenye kitabu cha ofisi kuhakikisha haukukosewa, ndipo akafungua dirisha. "Karani hana sababu ya kudanganya. Hajui barua ni ya nani, na hajali. Rejista ya kanisa inaandikwa na padre mwenyewe. Kijitabu cha jubilei nacho kinaandikwa na watu wanaompenda padre. Mimi namwamini yule asiyejali."

Stempu pekee isingemsaidia. Tangu 1903 Kenya ya leo na Uganda zilitumia stempu moja, na kuanzia 1935 Tanganyika ikaingia humo humo. Kichwa kile kile cha mfalme kilibandikwa Entebbe, Tanga na Kitale. Kinachotofautisha ni duara la wino. Duara hilo nalo lina hila zake: linaonyesha barua ilikopelekwa posta, halionyeshi mwandishi alikolala. Padre wa kituo cha mbali alimpa kijana baiskeli na furushi la barua, na kijana akapanda na kushuka vilima hadi posta. Ndiyo maana mzee, akibahatika kupata barua na bahasha yake pamoja, hulinganisha tarehe ya ndani na ya nje. Tofauti ya siku tatu humwambia kuna mto uliofurika, au kijana aliyepitia kwa shangazi. Hapo hucheka peke yake.

Anazozipenda kuliko zote ni bahasha zilizoelekezwa upya. Anwani ya kwanza imechorwa mstari, mkono mwingine umeandika mahali pengine, na nyuma kuna mihuri ya kila ofisi iliyoipokea. Anayo moja iliyokwenda kwa Mholanzi mmoja wa shirika la wamisionari Wakatoliki la Mill Hill. Ilifika kituoni kwake, ikasukumwa Kitale, ikakaa, kisha ikasukumwa Nairobi. Kijitabu cha jubilei ya parokia hiyo kinasema padre huyo hakuondoka kituoni miaka yote ya Vita Vikuu vya Pili.

"Aliugua?" nikamuuliza.

"Labda."

"Au aliadhibiwa, mzee?"

"Muhuri haujasema. Wewe usiuongezee." Kisha, baada ya kimya kirefu, akasema mwenyewe kwamba Uholanzi ilivamiwa na Wajerumani Mei 1940 na barua za kawaida kwenda huko zikakatika. "Fikiria mtu anamwandikia mama yake, barua inamrudia. Hiyo pia ni homa."

Magharibi ya Kenya inafaa kazi hii kwa sababu mipaka yake, ya serikali na ya kanisa, ilihamahama. Hadi Aprili 1902 Mumias na nchi yote inayoizunguka ilihesabiwa kuwa Uganda. Wamill Hill wa huku waliendelea kuwa chini ya askofu wa upande wa Uganda hadi 1925, Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa, ilipopewa mamlaka yake ya kanisa na kukabidhiwa Padre Gorgonius Brandsma. Na huko Uganda, stempu za kwanza kabisa zilitoka mikononi mwa kasisi. Machi 1895 Mchungaji Ernest Millar wa CMS, shirika la wamisionari Waanglikana, alizipiga moja moja kwa taipu yake pale Mengo: herufi U na G, na bei kwa kauri, kwa kuwa kauri ndizo zilizokuwa fedha, mia mbili kwa rupia. Mwaka uliofuata mwenzake, F. Rowling, akachapa nyingine kwa mtambo wa misheni kwa Lubwa, Busoga. Leo wakusanyaji wa Ulaya hunyang'anyana vipande hivyo. Mzee hajawahi kushika hata kimoja, wala haoni uchungu. "Hivyo ni vya matajiri. Mimi natafuta watu."

Lakini ni watu gani? Kurasa za daftari zimejaa Waholanzi na Waingereza. Nilipouliza wenyeji wako wapi, alifunua ukurasa mmoja ulioandikwa OTUNGA kwa herufi kubwa. Maurice Michael Otunga, mwana wa Chifu Sudi Namachanja, alizaliwa Chebukwa, hapa hapa Bungoma, Januari 1923. Alisoma Kibabii, Mang'u na Gaba, akapadrishwa Roma Oktoba 1950. Alihudumu Mombasa, akawa askofu msaidizi Kisumu, askofu wa Kisii mwaka 1960, askofu mkuu wa Nairobi 1971, na kardinali wa kwanza wa Kenya 1973. Alifariki Septemba 2003. Ni maisha yaliyoumbwa kwa ajili ya mihuri ya posta. Mzee ameyapanga majina ya miji kwa mpangilio, na mbele ya kila mji ameacha nafasi. Zote ni tupu.

Bahasha za Wazungu zilihifadhiwa na dada zao na mashirika yao kule Ulaya, au na mkusanyaji aliyezilipia. Je, barua za kijana wa Kibukusu aliye Roma, zilipofika nyumbani, nani alikuwa na kabati la kuziweka? Na makatekista waliobeba mifuko ya barua za wengine kwa baiskeli, wao waliandikiwa na nani? Nilimuuliza haya yote kwa mkupuo. Akafunga daftari, akaniambia nimeanza kuuliza kama karani.

Kwa hiyo naliandika ombi lake kama alivyolitoa. Kama nyumbani kwenu Chwele, Kimilili, Malakisi au Kitale kuna sanduku la babu aliyekuwa mchungaji, padre au katekista, usichome kitu kabla ya kugeuza kila bahasha na kuitazama nyuma. Na ukitaka kumpa mtoto stempu, mpe na bahasha yake nzima.