Furukombe wa Naivasha: Picha Huanza Kabla Hajaruka

Anayeanza kupiga picha za ndege mbuai huwa mwepesi kuilaumu kamera. Hurudi nyumbani na mikia, maji yaliyoruka na anga tupu, kisha huanza kuulizia bei ya lenzi kubwa zaidi. Lenzi ina kazi yake, ila mara nyingi kosa ni kwamba alianza kulenga wakati ndege ameshaondoka.

Ziwa Naivasha nchini Kenya ni shule nzuri ya jambo hili, kwa sababu furukombe wake huwinda wakiwa wametulia. Hukaa juu ya migunga ya ufukweni wakiangalia maji, na wengi hurudia tawi lile lile. Hawazami kumfuata samaki; humnyakua karibu na uso wa maji. Kwa hiyo, hata kabla ndege hajaruka, unajua aliko na anakoelekea.

Dalili za kuruka nazo zipo. Hukodolea macho sehemu moja ya maji, hubana manyoya, huinama mbele, na mara nyingi hujisaidia kwanza. Ukiona hivyo, kamera iwe tayari jichoni. Kumbuka pia kwamba hupenda kuruka na kutua akiukabili upepo. Mwombe nahodha wa boti uliyokodi aiweke mahali ambapo upepo na jua la asubuhi vyote vinatoka mgongoni kwako. Hapo utampata akija uso kwa uso.

Mipangilio ya kamera inafuata tabia hizo. Kasi ya shata isipungue 1/2000 ya sekunde, fokasi iwe ya kumfuata anayetembea, na picha zipigwe kwa mfululizo. Acha ISO ipande: picha yenye chengachenga hutengenezeka, iliyotikisika haitengenezeki. Lenzi ya milimita 400 inatosha kwenye boti, lakini usimvute ndege hadi ajae fremu akiwa bado tawini. Mabawa yake yakikunjuka hufika takriban mita 2 kutoka ncha hadi ncha, na utayakata.

Kichwa chake cheupe ndicho mtego mkubwa. Kamera ikipima tumbo la hudhurungi, mabawa meusi na miti ya nyuma, hudhani pana giza, ikaongeza mwanga hadi manyoya ya kichwani yakaungua yakawa doa tupu. Punguza mwanga kidogo, kisha kuza picha ya kwanza uangalie kama manyoya ya shingoni yanaonekana moja moja.

Baadhi ya manahodha hupiga mluzi na kurusha samaki aliyetiwa kipande cha funjo ili aelee. Kwa mazoezi, njia hiyo inafundisha mkono. Lakini picha yake ni ya ndege aliyelishwa, na maelezo yake yaseme hivyo. Kuiita windo ni kumdanganya mtazamaji. Kwenye kiota, kaa mbali kabisa. Ndege akikupigia kelele au akiacha mayai, umeshakaribia kupita kiasi.

Basi kabla ya kukopa pesa za lenzi, kodi boti asubuhi, chagua furukombe mmoja, umtazame kwa muda mrefu bila kugusa kamera. Ukishaweza kusema “sasa anaruka” kabla hajaruka, anza kupiga. Picha za hapo ndizo zitakazokuambia kama lenzi yako kweli ni fupi.